Mama Émilie Aliyefungua Mashamba Kumi na Moja

Shina lilitoa usaha.

Mama Émilie alikuwa ameinama, panga mkononi, akidhani anakata mgomba kama alivyokata migomba tangu alipokuwa na meno ya utoto. Panga likapita, shina likaanguka upande. Kabla hajamaliza kunyoosha mgongo, pale kwenye kidonda matone yakaanza kuchungulia, moja hapa, moja pale, kisha mengi, manjano, mazito, yakitambaa chini kama jipu lililotumbuliwa.

"Mama na ngai!" akaruka nyuma hatua tatu, na yeye ni mtu ambaye hata nyoka hakuwahi kumrukisha zaidi ya moja.

Utomvu wa mgomba aliujua. Ni maji maangavu, yakikauka yanakuwa meusi, na nguo iliyoyapata haiponi. Hiki hakikuwa utomvu. Akatazama mkungu ulioanguka. Vidole vingine vilikuwa kijani, vingine vimeiva manjano, kwenye mkungu uleule, kama watoto wa baba mbalimbali, na mkungu wenyewe ulikuwa bado unadai mwezi mzima juu ya shina. Akamenya kidole kimoja. Katikati ya nyama nyeupe kulipita doa la kahawia, kutoka kichwa hadi mkia, kama kutu ndani ya bomba.

Akaketi juu ya jani. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na hicho kitu alikibadilisha kila alipoulizwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona ndizi iliyooza kabla ya kukomaa, wala mti wenye usaha.

Migomba ya Mama Émilie ilikuwa na sifa yake kwenye barabara ya Bengamisa. Watu wa PK 17, kijiji chake cha kilomita ya kumi na saba kutoka mjini, wanasimulia kwamba mwaka mmoja alivuna mkungu mzito hivi kwamba mwendesha toleka alipoufunga nyuma ya baiskeli, gurudumu la mbele lilipaa, na yule bwana akafika daraja la Tshopo akiwa amekaa juu ya ndizi, baiskeli ikiwa imekaa juu yake. Wengine wanasema huo ni uongo, baiskeli zilikuwa mbili. Makemba yake, ndizi za kupika, yalikwenda Mangobo, mtaa wa Kisangani, ambako alikuwa na kibanda cha chakula na kinu cha kutwangia lituma, ndizi za kupondwa. Mume na mke waliokuwa njiani kwenda tribinali kuachana walipita hapo, wakala sahani moja kwa mikono miwili, wakarudi nyumbani, na leo wana watoto saba. Shule alikwenda siku moja tu. Mwalimu alimwuliza jina kwa Kifaransa, akadhani anatukanwa, akamjibu kwa ngumi. Tangu siku hiyo shamba ndilo lililomlea, likamzikia mume, likamsomeshea watoto watano ambao sasa wametawanyika mpaka Kinshasa.

Lakini heshima yake kubwa haikutoka kwenye kinu. Ilitoka kwenye panga.

Wanawake kumi na wawili wa PK 17 wana likelemba yao, chama cha kusaidiana kwa zamu, na si ile ya pesa, ni ya mikono. Jumatano wote wanaingia shamba la huyu, Jumamosi la yule, mpaka mzunguko ufike mwisho. Na kabla jembe lolote halijagusa udongo, shamba lazima lifunguliwe. Mfunguzi anaingia peke yake asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Kwenye kila mgomba wa mstari wa kwanza kutoka njiani anakata jani moja bichi, huku akitaja jina la mwenye shamba na jina la mama wa mwenye shamba. Majani yale yanatandikwa chini, wanawake wanapita juu yake kuingia, na hapo kazi inakuwa nyepesi na mikungu inakuwa mizito. Miaka ishirini mfunguzi alikuwa Mama Émilie. Mkono wake, walisema, ulikuwa mtamu.

Panga la mfunguzi lina sheria moja tu: halioshwi mpaka mzunguko uishe. Ukiliosha katikati, unaosha baraka za waliotangulia, na wanaofuata wanabaki na chuma kitupu. Kwa hiyo panga la Mama Émilie lilikuwa jeusi kama tako la sufuria, utomvu juu ya utomvu, isipokuwa ukingo wake, ambao ulikuwa mkali hivi kwamba nzi akitua hapo, walisema, wanaruka nzi wawili.

Mzunguko wa safari hii ulianzia kwake mwenyewe, siku ya pili baada ya yeye kurudi kutoka harusi huko Bafwasende. Akafungua lake, akafungua la rafiki yake Marthe, la Khadija, na mengine, mpaka yakafika kumi na moja. La kumi na mbili halikufunguliwa. Lilikuwa la Célestine, mjane aliyeolewa hapo PK 17 akitokea Yanonge, kwa watu wa mto. Zamu yake ilipofika, baba yake alikuwa amefariki, naye alipanda mtumbwi kwenda matanga. Aliporudi mzunguko ulikuwa umempita, akapalilia peke yake, kimyakimya.

Sasa Mama Émilie alinyanyuka pale alipoketi, akatoka mbio kwenda kwa Marthe. Hakubisha hodi.

"Marthe! Migomba yangu inatoka usaha!"

Marthe alikuwa amekaa mlangoni, mikono kichwani, na mbele ya miguu yake kulikuwa na mkungu wenye rangi mbili.

"Na wewe?" alisema Marthe.

"Na wewe?" alisema Émilie.

Wakatazamana kama watu wawili waliokutana wakiwa uchi mtoni.

Katika wiki mbili habari ikawa moja kwenye barabara nzima. Majani yalianza kulegea, yakakunjika katikati, yakaning'inia kama miavuli iliyovunjika mbavu. Ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu lilikauka na kujikunja. Mtu alikata shina, akapiga yowe, na majirani wakajua bila kuuliza. Khadija alimwaga chumvi. Mwingine alileta maji ya baraka, na mgomba ulionyunyiziwa ukafa Jumanne badala ya Jumatano. Mashamba kumi na moja yalikuwa yanaoza yakiwa yamesimama, na watu walipita njiani wakitembea upande, wasitazame.

Shamba moja tu lilibaki kijani, linang'aa, mikungu imenyooka chini kama nguo mpya dukani. La Célestine.

Kikao kilifanyika kwa kapita, mkuu wa kijiji, Papa Hubert, chini ya bati la barza yake. Célestine alikuwepo. Aliketi mwisho wa benchi, na benchi zima lilikuwa tupu kando yake.

"Mimi nasema wazi," alianza Marthe. "Mashamba kumi na moja inaoza. Moja iko inacheka. Mutu mwenye akili anauliza nini?"

"Anauliza hivi," alisema Mama Émilie, akasimama, maana hakuwahi kuacha maneno yasimame yenyewe wakati yeye amekaa. "Huyu alienda matanga na machozi, akarudi na magunia mbili ya samaki ya moshi. Mutu anatoka kwa kilio na zawadi? Nani alimupa? Juu ya kulipa nini?"

"Ndugu zangu wako wavuvi, Mama Émilie," alisema Célestine. "Ulitaka wanipe nini, mbuzi?"

Wawili watatu walicheka. Mama Émilie hakupenda kuchekewa na upande usio wake. Akainua mkono wa kulia, ule mtamu.

"Sikieni. Mashamba yote kumi na moja nimefungua na mukono huu. Moja tu sikufungua. Sasa niambieni, ndoki anajificha wapi? Kwa nyumba yenye ilifunguliwa, ao kwa nyumba yenye ilibaki imefungwa?"

Lilikuwa neno zuri. Lilizunguka barza kama sahani ya moto, kila mtu akaonja. Ndoki, yaani mchawi. Alilitamka yeye kwanza, na baada yake likatamkwa na midomo thelathini.

Papa Hubert akakohoa. "Bon. Tunaamua. Jumamosi wanawake wote wanaenda kukata hiyo shamba mupaka chini. Mama Émilie atafungua. Na wewe, Célestine, utarudi kwenu mutoni."

"Makaburi ya bwana yangu iko hapa," alisema Célestine.

"Utaiacha hapa," alisema Marthe.

Célestine akasimama, akaondoka bila kuaga. Mama Émilie alijisikia mrefu siku hiyo. Alikula lituma sahani mbili.

Ijumaa, asubuhi, pikipiki ilisimama njiani na msichana akashuka akiwa na buti za plastiki. Alijitambulisha kuwa agronome, mtaalamu wa mimea, jina Déborah, yuko njiani kwenda Bengamisa, ameona majani kutoka barabarani na roho yake imekataa kupita. Kabla hajaingia shambani akatoa chupa ya maji ya javel, yale ya kung'arishia nguo, akanyunyizia buti zake, mbele, nyuma, na chini ya nyayo.

"Wewe padri?" aliuliza Mama Émilie.

"Hapana, koko. Mimi naogopa tu."

Alimwita koko, kama mjukuu anavyomwita bibi yake, na jambo hilo lilimlainisha Mama Émilie kidogo. Akamwonyesha mgomba uliolegea na akainua panga amkatie shina aone.

"Usikate, koko!"

"Hii iko shamba yangu."

"Najua. Usikate."

Msichana akatoa kisu chake kidogo, akakata kipande cha shina, akakiweka juu ya jani, halafu akamwambia wangoje. Wakangoja muda wa kumenya ndizi tatu. Usaha ukatoka. Yule msichana hakupiga yowe. Uso wake ulikauka, akafumba macho kidogo kama mtu aliyeletewa barua ya msiba aliyokuwa akiitazamia.

"Umefika na huku," alisema taratibu. "Wazee wetu hawakuujua huu, koko. Ulianza mbali, Ethiopia, kwa mumea yenye inafanana na ndizi. Halafu ukaruka kwa ndizi yenyewe, ukafika Kivu, ukamaliza mashamba ya watu. Tunaita munyauko. Hii usaha unaona, haiko usaha ya muti. Ni bakteria, vidudu vidogo macho haivione. Tone moja tu hii iko na wengi kupita watu wa Kisangani yote, Makiso, Mangobo, na wa ngambo ya mto."

"Tone moja?"

"Moja."

Mama Émilie alijua kukuza mambo, ilikuwa kazi yake ya jioni, lakini hili lilikuwa kubwa kupita mafundi wote. Akainama, akatazama tone. Tone likakaa pale, nene, manjano, likimtazama.

"Wanafanya nini humo ndani?"

"Wanakaa kwa mifereji yenye inapandisha maji. Wanazaana mupaka wanaifunga. Maji iko chini, majani iko juu, njia imezibwa. Mugomba unakufa na kiu."

"Kiu? Mutoto, hapa mvua inanyesha kila siku! Hata vyura wamechoka!"

"Ndiyo, koko. Kiu ndani ya mvua. Na dawa haiko. Ukishaingia, haiko mutu anaweza kuutoa."

Mama Émilie akashika shina la mgomba mwingine ili asianguke, kisha akaliachia haraka kama limemchoma.

"Nani alitutumia? Niambie tu. Sisi tunamujua, lakini wewe umesoma, sema jina."

"Hapana ndoki, koko. Bakteria haina miguu. Haina mabawa. Lazima kitu kimubebe. Nyuki wanamubeba, wakienda kwa ua ya chini ya mukungu. Mutu anamubeba, akimupa jirani muche wenye ugonjwa. Na chuma." Msichana akarudi nyuma hatua moja. "Koko, usiniletee karibu hiyo panga, tafazali."

Mama Émilie akatazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ni shamba gani iligonjwa kwanza?" aliuliza Déborah.

Hapo alikuwa kwenye uwanja wake. Kusoma hajui, lakini kukumbuka alikuwa mfalme. Akahesabu kwa vidole, kwa fahari: "Ya kwangu kwanza. Halafu Marthe. Halafu Khadija. Halafu..." Akataja yote kumi na moja bila kukosea, kwa mpangilio yalivyokufa, na hakuona kwamba ni mpangilio uleule alioyafungulia.

"Na ndani ya kila shamba, ilianzia wapi? Katikati? Nyuma?"

"Musitari wa kwanza, kutoka njia—"

Mdomo ukabaki wazi. Hakuna aliyeufunga. Mstari wa kwanza kutoka njiani. Jani moja bichi kwenye kila mgomba. Jina la mwenye shamba, jina la mama yake, na chuma cheusi kikiingia ndani ya mwili wa kijani, mgomba kwa mgomba, shamba kwa shamba, na wanawake nyuma yake wakipiga vigelegele.

"Mbele ya mashamba hii, panga ilikata wapi?" Déborah aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Bafwasende," alisema Mama Émilie. "Kwa shemeji yangu Franck. Harusi. Majani ya migomba yake ilikuwa imelegea, nikamuuliza, akasema ni jua. Siku tatu nilimukatia ndizi ya wageni."

"Uliosha panga?"

"Niliosha mwisho wa muzunguko wa zamani! Sheria inasema muzunguko! Haisemi harusi!" Alikuwa anapiga kelele sasa, na hakujua anampigia nani. "Na kila nikitoka kufungua kwa watu, nilirudi hapa nikakata na hapa! Kwa hii panga hii!"

"Donc kila mara ulichota upya," alisema Déborah, si kwa kulaumu, kama mtu anayemalizia hesabu. "Na ile shamba ya kijani nimeona pale, nani alifungua?"

"Hapana mutu."

Mgomba mmoja nyuma yao ukajilaza chini polepole, bila upepo.

Msichana alimwonyesha la kufanya. Panga liwekwe kwenye makaa mpaka lisishikike. Kila shina lenye ugonjwa likatwe chini kabisa na liachwe palepale, lisiburutwe njiani. Mgomba wenye afya, ua lake la chini livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa chuma. Alisema atarudi Jumatatu aseme na watu wote.

"Ao utawaambia wewe mbele, koko?"

"Jumatatu iko muzuri," alisema Mama Émilie haraka. "Njoo Jumatatu."

Habari ya Jumamosi hakuitaja. Pikipiki ikaondoka kuelekea Bengamisa, na yeye akabaki amesimama njiani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na hadithi ya kumwambia mtu yeyote. Jambo lilikuwa rahisi mno. Shamba la Célestine likikatwa Jumamosi, yote kumi na mawili yatakuwa yamekufa, na hakuna atakayeuliza kwa nini moja lilibaki. Célestine atapanda mtumbwi. Jumatatu msichana atasema juu ya nyuki. Mkono utabaki mtamu.

Jumamosi wanawake walikuwa kwenye shamba la Célestine kabla ya jua kupanda juu ya migomba, majembe na mapanga begani, Papa Hubert mbele yao akiwa amevaa kofia yake ya kazi. Célestine alisimama ndani ya mtaro wa kando ya njia, mikono imenyooka pande mbili, kama anaweza kulizuia shamba zima kwa upana wa mabega yake.

"Toka," alisema Papa Hubert.

"Mutanikata na mimi basi."

"Mutu wa samaki anajua nini juu ya ndizi?" Marthe akapaza sauti. "Mama Émilie! Fungua!"

Wakampisha njia. Mama Émilie akapita katikati yao. Hakuwa amelala, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepepea moto. Akafika ukingoni mwa mtaro, uso kwa uso na Célestine. Nyuma ya Célestine mstari wa kwanza ulisimama, majani mapana, mabichi, hayana hata alama moja.

"Fungua!" wakasema wote.

Akainua panga. Wakaona kwanza kwamba panga halikuwa jeusi. Lilikuwa la kijivu, limeungua, na mpini wake ulikuwa mkaa nusu.

"Umeosha?" alisema Khadija kwa sauti ndogo. "Mbele ya mwisho?"

"Nimechoma," alisema Mama Émilie. "Na hapa siingii."

"Juu ya nini?"

Alijaribu kulizungusha. Alianza kusema juu ya Ethiopia, juu ya nyuki, juu ya mifereji na kiu na mvua, juu ya tone lenye watu wengi kupita Kisangani, na walimtazama kama wanavyomtazama siku zote anapoanza, wakingoja baiskeli iruke. Marthe akatabasamu hata. Hapo akaona kwamba hawataamini kitu kikubwa kutoka kinywani mwake, na kwamba imebaki tu kusema kile kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Panga yangu ilitoka na ugonjwa Bafwasende. Nikawaingizia kwa musitari wa kwanza. Nyinyi wote. Muende muangalie ilianzia wapi. Shamba ya Célestine iko muzima juu mimi sikuigusa."

Hakuna aliyecheka.

Kisha Marthe alikaa chini. Hakuchagua mahali, akakaa katikati ya njia na jembe mapajani. "Musitari wa kwanza," alisema. "Eh Nzambe. Musitari wa kwanza. Mimi nilikupikia kuku siku hiyo." Khadija alianza kucheka, kicheko cha hofu kisichokuwa na mlango wa kutokea, mpaka mwenzake akamshika mabega. Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kugeuka na kukimbia kwenda shambani kwake kutazama, na yowe lake likarudi kabla yake. Papa Hubert alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ulisema ndoki!" Marthe akapata sauti. "Kinywa yako ilisema kwanza! Ulituleta hapa kuua shamba ya mutu!"

Mpini wa jembe ukainuka, na mwingine. Mama Émilie hakurudi nyuma. Pengine alitaka wampige, kipigo kina mwisho.

"Muache," alisema Célestine.

Alikuwa bado ndani ya mtaro, mikono bado imenyooka, kana kwamba ameisahau huko nje. Akaishusha mmoja mmoja.

"Mukimupiga, kesho atakuwa anasimulia vile alipigana na watu mia moja. Muache. Mimi niko na neno naye." Akamgeukia Mama Émilie. "Uliniita ndoki kwa barza, watu thelathini wakasikia. Leo wako hapa wangapi?"

"Kumi na mutano," alisema Mama Émilie.

"Wengine wako wapi?"

"Kwao."

"Alors twende kwao."

Na walikwenda. Nyumba kwa nyumba, Mama Émilie mbele, Célestine nyuma yake hatua mbili, na nyuma ya Célestine wanawake wote, maana hakuna aliyeweza kuvumilia kubaki. Kwenye kila mlango Mama Émilie alisimama, akasema: mimi ndiye, si yeye. Kwenye nyumba ya kwanza alisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Célestine akasema, "Polepole. Wanakula." Akarudia polepole. Kwenye ya tatu alijaribu kuweka shemeji Franck mbele kidogo. Célestine akasema, "Franck hakufungua shamba ya mutu hapa." Akamtoa Franck. Kwenye ya saba sauti ilimkauka, na mtu wa nyumba hiyo, ambaye alikuwa amepoteza migomba mia mbili, alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango polepole bila neno, na hilo lilimwuma kupita mpini wowote.

Wakafika kwa Papa Osée, mzee wa nyumba ya mwisho kabisa, karibu na kibao cha PK 17. Masikio yake yalikwisha siku nyingi, lakini kwenye barza alikuwepo, mstari wa mbele, na alipiga makofi.

"Papa Osée," alisema Mama Émilie, "ni mimi nilileta ugonjwa."

"Nani amegonjwa?"

"Hapana! Ugonjwa ya migomba! Si Célestine! Mimi!"

"Célestine amefanya nini tena?"

"HAKUFANYA KITU! NI MIMI! MIMI, ÉMILIE, NIMEUA MIGOMBA YA WATU WOTE!"

Barabara nzima ikasimama. Pikipiki iliyokuwa ikipita na abiria wawili ilipunguza mwendo, kisha ikazima injini. Mtu wa toleka akashuka, akashikilia baiskeli yake. Kule ng'ambo wanawake waliokuwa wakitwanga wakashikilia michi hewani. Mama Émilie alisimama katikati, jasho likimtiririka, kifua kikipanda na kushuka, na machozi, ambayo PK 17 haikuwahi kuyaona, yalikuwa yanashuka bila ruhusa.

Papa Osée alimtazama, akamtazama Célestine, akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu ambaye hajaelewa na haoni haya.

Célestine akakunja mikono kifuani.

"Hajasikia," alisema. "Rudia."